Mke wa Al Capone hakuishi kwenye kumbi za dansi

Wengi humwazia mke wa jambazi wa enzi za marufuku ya pombe Marekani (1920–1933) akiwa amevaa manyoya, glasi ya shampeni mkononi, akimsindikiza mumewe klabuni. Mae, mke wa Al Capone, bosi wa genge la Chicago, hakuwa hivyo.

Mae, binti wa wahamiaji wa Ireland kutoka Brooklyn, aliolewa na Al Capone Desemba 1918, wiki chache baada ya kujifungua mtoto wao wa pekee. Chicago waliishi Prairie Avenue, nyumba ya matofali ya kawaida kabisa, pamoja na mama mkwe na ndugu za mume. Alilea mtoto mwenye matatizo ya kusikia, alikwenda kanisani, na waandishi wa habari aliwakwepa. Wanawake wa klabuni walikuwepo, ila walikuwa hawara wa mumewe.

Kilichomuumiza zaidi, nadhani, kilikuja baadaye. Mwaka 1931 mumewe alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi. Alipotoka mwaka 1939, kaswende ilikuwa imeshamharibu akili. Mae alimuuguza nyumbani kwao Florida mpaka alipofariki Januari 1947. Yeye aliishi hadi 1986, kimya.