Kupasuliwa tezi dume si kupoteza uanaume

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu mstaafu: "Daktari, ukipasuliwa tezi dume umekwisha." Si kweli, na maneno haya yanaumiza wazee wetu. Wanashuka Moshi kutoka Rombo na Machame na mpira wa mkojo uliokaa miezi, mfuko wameuficha ndani ya koti, wakati upasuaji ungewaondolea adha hiyo.

Hofu hii ina chimbuko. Mwenye saratani iliyosambaa huenda akatolewa kokwa ili kushusha homoni, na hapo hamu na nguvu hupungua kweli. Jirani anaona, anatangaza, na kijiji kizima kinaogopa. Uvimbe wa tezi dume usio saratani, unaobana njia ya mkojo, ni habari nyingine. Tunatoa nyama ya ndani tu, kama chungwa linaloachiwa ganda lake, na mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita nje ya ganda hilo.

Kinachobadilika kwa wengi ni shahawa. Shingo ya kibofu haifungi tena kama zamani, kwa hiyo zinarudi kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo. Uume unasimama, utamu upo, ila hakuna kinachotoka. Asiyeambiwa mapema anaona ndiyo yametimia yale aliyoambiwa, anaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi peke yake unatosha kumnyima mtu nguvu. Anayetaka mtoto bado aseme kabla ya kupangiwa tarehe.

Wapo wanaopungukiwa nguvu baadaye? Wapo, wachache. Mara nyingi nashindwa kujua ni upasuaji, kisukari, presha au umri tu.

Na siyo kila mtu anafaa "ile ya kisasa, bila kupasua". Tezi yenye ukubwa wa mililita 50 naikwangua kupitia njia ya mkojo, mpira unatoka baada ya siku mbili tatu. Ikipita 80, kama hakuna leza, nashauri kufungua tumbo: damu inapotea zaidi, mpira unakaa karibu wiki, lakini kurudia upasuaji ni nadra. Ya 75 hunipa shida. Hapo naangalia moyo, wingi wa damu na vifaa tulivyonavyo, na daktari mwenzangu anaweza kuamua tofauti na mimi.

Kipimo cha PSA, kile cha damu kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, kiendelee hata baada ya upasuaji, maana ganda lililobaki linaweza kupata saratani. Na baba, siku ya kuamua njoo na mama.