Sungura Mmoja, Miaka Saba Ng'ambo? Dhana Potofu Kuhusu Majangili wa Uingereza

Tukisikia neno jangili tunafikiria pembe za ndovu. Majangili wa mashambani Uingereza wa karne ya 18 na 19 waliwinda sungura, kwale na fezanti, wale ndege wenye mkia mrefu wanaofugwa misituni kwa ajili ya bunduki za matajiri. Baadhi yao walihukumiwa kuhamishwa ng'ambo, yaani kupelekwa makoloni ya mbali kama Australia wakiwa wafungwa, na habari zao zimesimuliwa hadi zikapinda.

"Aliua sungura, akapakiwa melini"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na sheria yenyewe. Sheria ilitenga kabisa ujangili wa mchana na ule wa usiku. Kwa Sheria ya Mawindo ya 1831, aliyeingia ardhi ya mtu mchana kutafuta sungura au kwale alitozwa faini isiyozidi pauni 2. Wakiwa watano au zaidi, kila mmoja aliweza kutozwa hadi pauni 5. Kwa kibarua wa kusini aliyepata shilingi 8 hadi 10 kwa wiki, pauni moja ikiwa shilingi 20, hilo lilikuwa pigo, na asiyelipa alifungwa. Lakini bahari hakuivuka.

Giza ndilo lililobadili hesabu. Sheria ya Ujangili wa Usiku ya 1828 ilihesabu usiku kuwa umeanza baada ya kupita saa nzima tangu jua kuzama, na kwisha ikibaki saa nzima jua lichomoze. Aliyekamatwa mara ya kwanza katika muda huo alifungwa hadi miezi 3 na kazi ngumu. Akimaliza, hakutoka hivihivi. Alitakiwa kuweka dhamana ya pauni 10 yeye mwenyewe, pamoja na wadhamini wa kiasi hichohicho, kwamba hatarudia kwa mwaka mzima. Pauni 10 ni mshahara wa wiki 20 na zaidi. Akikosa wadhamini, aliongezewa miezi 6. Mara ya pili kifungo kilifika miezi 6, dhamana ikawa pauni 20 kwa miaka miwili, na kuikosa kulimwongezea mwaka mzima. Waamuzi wa hatua hizi mbili walikuwa mahakimu wawili wa wilaya, ambao mara nyingi wenyewe walikuwa na misitu na ndege wa kulinda.

Mara ya tatu ndipo ilipokuja adhabu ya kuhamishwa miaka 7, na hata hapo jaji aliweza kuchagua kifungo kisichozidi miaka miwili badala yake. Kulikuwa na njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kumshambulia mlinzi wa msitu kwa silaha au rungu: miaka 7, hata kama ni kosa lako la kwanza. Ya pili ni kuingia usiku mkiwa watatu au zaidi, mmoja wenu akiwa na bunduki, rungu au silaha yoyote. Hapo wote mlihesabiwa kuwa na hatia, aliyeshika silaha na asiyeshika, na adhabu ilikuwa miaka 7 hadi 14, au kifungo cha hadi miaka 3.

Kosa hilo halikuhitaji mnyama hata mmoja auawe. Kuingia kwa nia ya kuwinda kulitosha. Kwa hiyo wapo walioondoka Uingereza bila kugusa unyoya wa fezanti, na hapo kisa cha "sungura mmoja" kinakosea pande zote mbili: kinapunguza kosa lililoandikwa na kinaficha ukali wa sheria.

Mtu atauliza: kwa nini basi wasingekwenda mmojammoja? Kazi yenyewe haikuruhusu. Wavu wa kunasa kwale walalao shambani huburutwa na watu wawili, mmoja kila upande, na anatakiwa wa tatu wa kulinda. Walinzi nao walichomeka matawi ya miiba shambani ili nyavu zikwame na kuchanika, kisha wakapiga doria kwa makundi. Aliyekwenda na waya wa kitanzi peke yake aliweza kutega na kurudi alfajiri, lakini mavuno yalikuwa kidogo, na mlinzi mjanja akiuona mtego hauondoi, bali anajificha karibu akimsubiri aliyeutega.

"Mwenye shamba alijiwindia atakavyo"

La. Kwa sheria ya 1671, iliyodumu hadi 1831, haki ya kuwinda ilikuwa ya mwenye ardhi inayomwingizia pauni 100 kwa mwaka, au pauni 150 kwa mwenye mkataba wa muda mrefu, pamoja na wachache wa tabaka la juu. Mkulima mdogo aliyeona sungura akila ngano yake hakuruhusiwa kumuua. Hata baada ya 1831 mikataba ya upangaji iliendelea kumwachia mwenye ardhi mawindo, na mpangaji alipata haki isiyoondoleka juu ya sungura mwaka 1880 tu.

"Wote walikuwa maskini wanaolisha watoto"

Njaa ilikuwapo, hasa baada ya vita vya Napoleon kwisha mwaka 1815. Biashara ilikuwapo pia. Kuuza mawindo kulipigwa marufuku kabisa mwaka 1755, ilhali matajiri wa mijini wasio na ardhi waliyataka mezani. Marufuku hayo yakazaa soko la magendo: madereva wa magari ya farasi walibeba mizigo hadi London, na wachuuzi wa kuku wa soko la Leadenhall wakaiuza. Kundi la usiku mara nyingi lilikuwa na mnunuzi anayesubiri.

Wala hawakuwa vibarua watupu. Januari 1816, huko Berkeley katika wilaya ya Gloucestershire, kundi la majangili lilipambana na walinzi na mlinzi William Ingram akauawa. John Penny na John Allen walinyongwa, na huyo Allen alikuwa mkulima, si kibarua. Wenzao tisa waliponea kitanzi wakahamishwa. Mwanasheria William Adams Brodribb, aliyewaapisha kutunza siri kabla hawajatoka, hakushika bunduki wala wavu, lakini alihukumiwa miaka 7 kwa kiapo hicho haramu.

"Wafungwa wa Australia wengi walikuwa majangili"

Kati ya 1788 na 1868 walipelekwa wafungwa kama 160,000. Wengi wao walikuwa wezi, hasa wa mijini, na majangili walikuwa sehemu ndogo. Wanachanganywa na wezi wa kondoo, ambao hadi 1832 walikabiliwa na kitanzi, na pia na vibarua walioharibu mashine za kupura nafaka mwaka 1830. Australia yenyewe haikuwa kituo pekee: hadi 1775 wafungwa walipelekwa Marekani, hasa Maryland na Virginia.

"Akishahukumiwa, anasafiri"

Wengi waliopewa miaka 7 hawakuondoka kamwe. Waliwekwa kwenye merikebu chakavu zilizotiwa nanga Thames, Portsmouth na Plymouth, wakifanya kazi za bandarini mchana, na baadhi walimaliza adhabu hukohuko. Waliosafiri nao hawakufa ovyo kama inavyodhaniwa. Msafara wa pili wa meli za wafungwa kwenda Australia, wa 1790, uliua takriban robo ya wafungwa wake, ila tangu 1815 kila meli ilikuwa na daktari mwenye mamlaka juu yao, na vifo vikashuka hadi kama mmoja katika mia.

"Miaka saba, kisha nyumbani"

Aliyepewa miaka 7 aliweza kupata hati ya ruhusa baada ya miaka 4 ya mwenendo mzuri, wa 14 baada ya 6, wa maisha baada ya 8. Kwa hati hiyo alijitafutia kazi na mshahara ndani ya wilaya aliyopangiwa. Adhabu ikiisha, serikali haikumlipia nauli ya kurudi, kwa hiyo wengi walibaki. Kurudi kabla ya muda kulikuwa kosa la kifo hadi 1834.

Anayefuatilia babu wa namna hii aanze na rejesta za wafungwa waliohamishwa, zenye alama HO 11 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, zinazotaja meli, mahakama na muda wa adhabu. Kosa kwa kawaida halitajwi humo. Hilo hutafutwa katika kumbukumbu za mahakama iliyomhukumu, na kwa waliofika Tasmania, kisiwa cha Australia, katika daftari za mwenendo zilizohifadhiwa Hobart, ambako mara nyingi maelezo ya mfungwa mwenyewe yameandikwa kando ya yale ya serikali. Yakigongana, usikimbilie kuamini la mfungwa: kusema "niliwinda tu" kulimpa sura nzuri kuliko kukiri kuiba.