Uanagenzi katika ufundi magari: maana yake

Uanagenzi ni utaratibu wa kujifunza kazi ukiwa ndani ya kazi yenyewe, chini ya fundi anayeijua, kwa muda uliopangwa na kwa mambo yaliyoandikwa ambayo lazima uyamudu kabla hujapewa cheti. Anayejifunza huitwa mwanagenzi.

Kwenye gereji za Dar es Salaam neno hilo si la kila siku; utasikia zaidi "saidia fundi". Lakini hao ni watu wawili tofauti. Saidia fundi hushika tochi, huosha vipuri, hufungua nati alizoonyeshwa, na akikaa sana anaijua kazi. Ila anajua kile tu kilichopita mbele ya macho yake. Kama gereji yao inapokea magari ya petroli, siku dizeli ikiingia yeye ni mgeni. Mwanagenzi ana mtaala, na yupo mtu wa kumpima.

Chukua breki. Dereva analeta gari, pedali inazama. Gereji yoyote watatoa upepo: mmoja anapampu pedali, mwenzake yuko chini analegeza skrubu ya kutolea upepo, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Chuoni mwanagenzi ataulizwa: upepo una ubaya gani? Hewa hubanwa ikasinyaa, mafuta hayabanwi kirahisi, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kwenye mapovu badala ya kufika kwenye pedi. Kisha swali la pili, ambalo mtaani huulizwa mara chache: je, mafuta yenyewe ni mazima? Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Kwa viwango, DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho ni nyuzi 140 tu. Shuka mlima Kitonga kule Iringa na lori dogo lenye mzigo, mguu haubanduki kwenye breki: joto linapanda, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye mabomba, na pedali inazama pale unapoihitaji kuliko wakati wowote. Gari hilo likifika gereji limeshapoa na halionyeshi kitu. Anayejua sababu atauliza mafuta yalibadilishwa lini. Kwangu mimi, swali hilo moja linatosha kumlipia kijana ada ya chuo.

Na darasa peke yake halitoshi. Nati iliyoganda kwa kutu ya miaka kumi haimo kwenye mchoro wa ubaoni.

Ndiyo maana kuna uanagenzi pacha, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na gereji au kiwanda. Mfumo huu umekomaa Ujerumani, ulikowekewa sheria ya nchi nzima mwaka 1969. Mwaka 2003 Wajerumani waliunganisha fani ya makanika wa magari na ya fundi umeme wa magari kuwa moja, ya miaka mitatu na nusu, kwa kuwa gari la leo halikubali tena kugawanywa injini huku na nyaya kule. Kwa Tanzania, mafunzo ya ufundi stadi yako chini ya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo hayo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na baadhi ya vyuo vyake vimeendesha uanagenzi pacha kwa kushirikiana na Wajerumani. Fani za mitambo, kama ukerezaji wa vyuma na uchomeleaji, zinafuata mantiki hiyo hiyo.

Vyeti vya ufundi stadi vina ngazi ya I hadi ya III, na humtoa fundi mchundo, yaani fundi wa kazi za mikono. Fundi sanifu ni mwingine: huyo amesoma stashahada.

Fundi wa mtaani ambaye hajawahi kukanyaga chuo naye ana njia, inaitwa urasimishaji ujuzi. Anapimwa kwa anachokijua tayari, anaongezewa palipopungua, kisha anapewa cheti. Aliyelala chini ya magari kwa miaka kumi na tano haanzi tena na somo la kutaja majina ya spana.