Msindikizaji: kwa nini simfundishi mtoto kupiga piano peke yake

Katika mpira, timu ikiitwa wasindikizaji maana yake imekuja kujaza ratiba na itarudi nyumbani bila kombe. Ndiyo maana nikijitambulisha kuwa mimi ni msindikizaji, yaani mtu anayepiga piano wakati mwingine anaimba au anapiga fidla, watu hunionea huruma kidogo. Wenzetu wa Marekani walichoshwa na huruma ya namna hiyo, na kwa miongo kadhaa sasa wengi wao hujiita wapiga piano washirika. Mimi jina la zamani sijaliacha, kwa sababu katika Kiswahili kumsindikiza mgeni ni adabu yenye kanuni zake: unakwenda kwa mwendo wake, humtangulii wala humburuti, njia unaijua, na akijikwaa mkono wako uko karibu. Sijapata maelezo ya kazi yangu yanayoyapita hayo.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika kanisa dogo mjini Voi, kwenye kinanda cha kukanyaga ambacho miguu ikisita, sauti nayo hukatika. Kinanda kile kilinifundisha pumzi kabla sijajua kwamba pumzi hufundishwa. Piano haina pumzi: nyundo ikishagonga waya, sauti huanza kufa palepale na hakuna cha kuiongezea, ilhali mwimbaji aliyesimama kando yako anaweza kuikuza noti ileile moja hadi kifua kimwishie. Kwa hiyo msindikizaji hulazimika kuazima pumzi ya mwenziwe, akivuta naye hewa kabla ya kila mstari, na mimi hadi leo hutia alama ya mkato kwa penseli juu ya kila mahali ambapo mwimbaji atapumua, hata kama wimbo nimeupiga mara hamsini.

Baadaye nilihamia Nairobi, na huko riziki yangu ikatoka kwenye kwaya na kwenye mitihani ya ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo madaraja yake hupanda hadi la 8. Mtahiniwa wa fidla au wa fluti huingia na msindikizaji. Wa piano huingia peke yake. Hapo ndipo nilipoanza kuona kasoro ya jinsi tunavyofundisha. Nilikuwa nikiwaomba wanafunzi wa piano wa daraja la 6 wawasindikize watoto wa fidla wa daraja la 2, kazi ambayo kwa vidole vyao ilikuwa kama mchezo, na wengi walishindwa. Mtoto wa fidla akiruka mstari mmoja, wao walikuwa bado wanarudi nyuma kusahihisha noti yao wenyewe. Kwa miaka walikuwa wamefundishwa kwamba kosa husahihishwa papo hapo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba chumbani kuna mtu wa pili.

Mimi mwenyewe somo hilo lilinipata vibaya. Katika ukumbi wa shule moja ya pwani nilikuta piano ambayo haikuwa imetyuniwa kwa miaka, na sauti yake ilikuwa imeshuka nusu toni nzima. Mpiga fluti anaweza kuvuta kichwa cha fluti yake na kuishusha sauti kidogo, lakini nusu toni nzima hawezi, kwa hiyo kipande kilichoandikwa kwenye F ilinibidi nikipige nusu toni juu, kwenye G-bemoli, yenye bemoli sita, yaani noti sita zinazoshushwa nusu toni, bila mazoezi. Ukurasa wa kwanza ulikwenda. Katika ukurasa wa pili niliisahau bemoli ya sita, ile ya C, ambayo kibao chake ni cheupe na jicho hukikataa, mkono wa kulia ukavurugika kabisa. Niliuondoa. Nilibaki na besi na pigo la kwanza la kila kipimo kwa mistari miwili hivi, hadi vidole viliporudi, na hakuna aliyegeuka ukumbini isipokuwa mwenye fluti, aliyenitazama kwa jicho moja huku akiendelea kupuliza.

Tangu siku hiyo besi na mapigo ndivyo ninavyofundisha kwanza. Mwanafunzi akisoma kipande kipya, mkono wa kushoto hauruhusiwi kusimama, na noti za kulia ni zile tu anazoweza kuzifikia kwa wakati. Wazazi wengine huona huo ni uzembe. Huwa nawaeleza habari ya Schubert, aliyeutunga „Erlkönig“ mwaka 1815 akiwa na miaka 18, wimbo ambao mkono wa kulia wa piano hugonga oktava, yaani noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja, tatu tatu kwa kila pigo, kwa kasi karibu tangu mwanzo hadi mwisho, kama kwato za farasi, mpaka kiwiko kinawaka moto. Lakini mtunzi huyohuyo aliacha toleo jingine ambalo oktava hizo zimepunguzwa kuwa mbili mbili. Mwenye wimbo akipunguza, mtoto wa daraja la 3 atakatazwa na nani?

Jambo la pili ni kuimba. Mwanafunzi wangu hagusi sehemu ya piano kabla hajaweza kuimba sehemu ya mwenziwe, na kama wimbo ni wa Kijerumani tunaandika maana ya kila neno kwa Kiswahili juu ya mstari, kwa kuwa huwezi kumngoja mtu kwenye neno usilolijua. Gerald Moore, Mwingereza aliyewasindikiza waimbaji wakubwa wa karne ya 20, aliagwa London mwaka 1967 kwa tamasha la waimbaji watatu, na wote walipokwisha kuimba alirudi jukwaani peke yake akapiga kwa piano tupu wimbo wa Schubert wa kuushukuru muziki. Aliweza kwa sababu sauti ya mwimbaji alikuwa nayo vidoleni.

Kuna na kichekesho kimoja cha historia ambacho nakipenda. Sonata za Mozart tunazoziita leo za fidla zilichapishwa zamani zile kama sonata za kinanda zinazosindikizwa na fidla. Wapiga fidla huwa hawacheki sana nikiwakumbusha.

Kuhusu sauti kuwa juu mno, lawama ambayo kila msindikizaji huipata, kosa la wanafunzi ni kudhani dawa yake ni kuilegeza besi. Mwimbaji hulishika tuni lake kutoka chini. Besi ikififia, naye huanza kuteleza. Nawafundisha kupunguza katikati, yale makodi ya kujazia, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na kuiacha besi iwe na uzito wake.

Somo la kwanza kabisa mwanafunzi hupiga noti moja tu, C ya katikati, kwa mapigo manne manne, nami napiga wimbo mzima juu yake. Napunguza mwendo bila kumwambia. Wengine huendelea na mwendo wao kama saa ya ukutani. Wengine huinua kichwa kunitazama, na kwa hao huwa nafungua daftari la noti siku hiyohiyo.