Je, wajua kwa nini Pasaka haina tarehe yake?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tarehe ya Pasaka hupangwa Roma: wakubwa wa Kanisa hukaa, hutazama shughuli zao, kisha hutangaza. Na nilikuwa nikiyasema hayo bila haya. Jioni moja barazani hapa Malindi, kahawa ikizunguka, nikamwambia mzee mmoja mvuvi, "Nyinyi Waislamu mnafuata mwezi, sisi tunafuata kalenda." Akapuliza kikombe chake. "Mwanangu, mbona hiyo Ijumaa Kuu yenu kila mwaka inanikuta kwenye bamvua?"

Nikakosa jibu. Bamvua, kwa wasiokaa pwani, ni yale maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapoandama na tena unapopevuka. Ikiwa mzee asema kweli, basi sikukuu yangu nayo ina mwezi ndani yake.

Inao. Injili zinakiweka kifo cha Yesu katika siku za Pasaka ya Wayahudi, Pesach kwa Kiebrania, na jina letu linatoka huko huko. Pesach huwa katikati ya mwezi wa Nisani, na kwa kuwa Nisani huanza kwa mwandamo, katikati yake ni mbalamwezi. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waadhimishe Jumapili moja. Kanuni iliyokuja kushika ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baadaye.

Mfikirie nahodha anayetaka kung'oa nanga. Kwanza angoje msimu ugeuke: hilo ni jua, 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana (jambo ambalo huku kwetu, digrii tatu tu kusini mwa ikweta, hakuna anayelihisi). Msimu ukifika, angoje maji yajae: huo ndio mwezi mpevu. Maji yakijaa, bado ana mwiko wake, hasafiri ila Jumapili. Yakijaa Jumamosi, kesho yake yuko baharini. Yakijaa Jumapili yenyewe, hang'oi. Akae wiki nzima. Ndiyo maana Pasaka yaweza kuwahi 22 Machi au kuchelewa hadi 25 Aprili. Ramadhani haingoji jua, kwa hiyo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka na kupita misimu yote. Pasaka huzunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

Mzee, hata hivyo, alitia chumvi kidogo. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni 2 Aprili, Alhamisi Kuu, na Ijumaa Kuu ni bamvua tupu. Lakini 2025 ulipevuka Jumapili ya Matawi, 13 Aprili; Pasaka ilipofika, tarehe 20, maji yalikuwa mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana.

Tena mwezi wenyewe si wa angani. Ni wa jedwali. Kanisa halimtumi mtu ufukweni kuutafuta. Linahesabu, kwa kuwa miaka 19 ya jua inakaribiana na miandamo 235 ya mwezi. Mwaka 2019 anga ilitoa mwezi mpevu 21 Machi, saa chache baada ya usiku na mchana kulingana, lakini jedwali lilikuwa limeuandika tarehe 20. Pasaka ikasukumwa hadi 21 Aprili.

Zamani pengo lilikuwa baya zaidi, kwani hesabu ilikuwa haijarekebishwa, hadi 1582. Vasco da Gama alitia nanga hapa Malindi jioni ya 14 Aprili 1498, Jumamosi Kuu, na kesho yake ikawa Pasaka. Jedwali lake lilisema mwezi ulipevuka Jumatatu, tarehe 9. Ukiirudisha hesabu ya anga, ulipevuka siku tatu hivi kabla, karibu na tarehe 6, Ijumaa. Yaani kwa mwezi ule waliouona wavuvi wa Malindi, Pasaka ya Wareno ilikuwa imekwisha kupita Jumapili iliyotangulia.

Nilimpelekea mzee habari hii mbio mbio. Aliuliza jambo moja tu: siku hiyo maji yalikuwaje?

Mafu.