Je, wajua maji ya moto hayahitaji volkano?

Watu wakiona chemchemi ya majimoto katikati ya nchi, wengi husema chini yake kuna volkano, kisha huuliza mbona hapachimbwi umeme. Kwa Mbeya hoja hiyo ina mashiko, maana Rungwe na Ngozi ni volkano kweli. Dodoma na Singida ni habari nyingine.

Mwamba wa huku una zaidi ya miaka bilioni 2.5, nao ulishapoa zamani sana. Hata hivyo, kila unaposhuka ardhini joto huongezeka. Tukichukua kadirio la kawaida la nyuzi 25 kwa kilomita, na juu pakiwa nyuzi 23, kilomita 2 chini utakuta nyuzi 73 hivi. Maji ya mvua yakipenya hadi huko, yanapashwa na mwamba mtupu.

Kazi iko kwenye kurudi juu. Ukibeba ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni kwenda bafu la uani, halafu ukasimama njiani kupiga soga, utaoga maji ya uvuguvugu. Chini ya ardhi ni hivyo hivyo: maji yanayopanda kwa kujipenyeza kidogo kidogo hunyang'anywa joto lote na mawe ya juu, ila yakipata ufa mrefu uliofunguka hufika yangali moto. Nyufa hizo zipo, kwa kuwa Bonde la Ufa bado linaupasua mwamba huu wa kale. Tetemeko lililoitikisa Dodoma mwaka 2002 ni kazi ya mpasuko huo.

Tazama pia viputo. Gesi ya volkano kwa kawaida hujaa hewa ukaa. Baadhi ya chemchemi za huku hutoa naitrojeni kwa wingi, pamoja na heliamu, gesi inayozaliwa urani na thori, metali zenye mnururisho, zinapovunjika taratibu ndani ya graniti. Kwangu hilo linastaajabisha kuliko volkano yoyote.

Na umeme je? Olkaria, Kenya, wanakozalisha umeme kwa joto la ardhini, visima vya kilomita 3 hivi hukuta zaidi ya nyuzi 300, kwa kuwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iko karibu. Kwa hesabu yetu, Dodoma ungeshuka kilomita 7 kupata nyuzi 200. Kweli, Chena huko Alaska huzalisha umeme kwa maji ya nyuzi 74 tangu 2006, lakini wana maji ya baridi kali ya kupozea. Mtambo huendeshwa na tofauti kati ya moto na baridi, na kwa jua la Bahi tofauti hiyo ni ndogo. Heliamu, inayopoza mashine za MRI hospitalini, huenda ikawa sababu nzuri zaidi ya kuchimba huku; Rukwa wameshaanza kuitafuta kwa visima.