Majina ya faili na shiti za Excel: yanayosemwa na makarani wa Tabora, na ukweli wake

"Excel haitaki tarehe kwenye jina la faili." Si kweli, inayokataliwa ni alama ya mkwaju (/). Karani anaandika Ushuru Ng'ambo 12/06/2024 kama alivyozoea daftarini, lakini kwa Windows mkwaju ni mpaka kati ya folda na folda, hivyo hauwezi kukaa ndani ya jina. Alama zilizokatazwa ni tisa: \ / : * ? " < > |. Andika 2024-06-12, mwaka ukitangulia. Mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku, jambo ambalo 12-06-2024 haikupi.

"Jina likifaa kwa faili, linafaa na kwa shiti." Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana shiti, yaani ukurasa mmoja ndani ya faili, ina sheria zake. Kikomo ni herufi 31, nafasi zikihesabiwa. Jaribu kuandika Makusanyo ya ushuru kata ya Isevya: utafika "kata ya Ise" na kibodi itaonekana kama imekufa. Haijafa, nafasi imekwisha. Andika Isevya ushuru, inatosha. Shiti inakataa pia \ / ? * : na mabano ya mraba, haihesabu JUNI na Juni kuwa majina mawili, na haikubali kuitwa History, kwa kuwa jina hilo Excel imejiwekea.

"Ng'ambo haiwezi kuwa jina la shiti." Inaweza kabisa, na hakuna sababu ya kuandika Ngambo na kuliharibu jina la kata. Ritifaa (alama ya ') imekatazwa mwanzoni na mwishoni mwa jina tu. Ugumu uko kwenye fomula, ambako huandikwa mara mbili:

='Ng''ambo'!B4

Ukiweka moja, Excel inaona jina limeishia kwenye Ng, na fomula inakataliwa. Njia salama ni kuandika =, kubofya shiti yenyewe, kubofya seli, kisha Enter. Excel itaziweka ritifaa zote mahali pake.

"Faili halifunguki, basi lina virusi." Kabla ya kulifuta, hesabu njia yake yote, kuanzia C:\ hadi .xlsx. Excel huishia herufi 218, wakati kikomo cha kawaida cha Windows ni 260. Ndiyo maana faili lililozama ndani ya folda saba linaonekana vizuri lakini Excel inalikataa. Lihamishie karibu, mfano D:\Ushuru. Sababu nyingine ni majina kufanana: Juni.xlsx ya Cheyo na Juni.xlsx ya Kitete hayafunguki kwa pamoja kwenye Excel, hata yakiwa kwenye flashi mbili tofauti. Jina la kata litangulie: Cheyo-Juni, Kitete-Juni.

"Ukifuta .csv ukaandika .xlsx, faili limegeuka." Faili la .csv ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato; hapo limebadilika jina tu, na Excel itakataa kulifungua. Rudisha .csv, lifungue, kisha tumia Save As na uchague aina ya Excel Workbook.